Farasi Yuko Wapi?

Jumanne, sinema ndogo ya Grimsby, viti sitini na viwili,
kimoja kimefungwa utepe tangu Krismasi.
Mchana wanaonyesha picha za zamani kwa bei ya wazee,
usiku zile mpya, za watu wasio na fedha,
wenye kamera moja na shangazi wa kuwapikia.
Mimi huingia zote. Natoka kiwandani alfajiri,
nalala kidogo, nanawa mikono kwa ndimu,
na bado kiti cha jirani hujua nimekesha na chewa.

Jirani ni Bwana Wilf Brocklesby, miaka themanini na mmoja,
fundi wa kuchomelea meli, enzi meli zilipokuwapo.
Yeye ni wa mchana tu. Yeye ni wa farasi.
Vumbi likitimka kwenye pazia, anavua kofia
kama aliyeingia kanisani.

Namwelewa. Nami nililelewa na vumbi hilo:
Tanga, benchi la mbele, shingo imepinda,
kaka yangu Mbaruku akiapa kwa kaburi la bibi
kwamba staringi hafi.
Akipigwa risasi sita, hafi. Akitupwa bondeni, hafi.
Kofia ikianguka, ndipo tulipoingiwa na wasiwasi.
Siku hizi nawaona na wale wengine,
wanaodondoka kutoka farasini bila jina,
bila mama wa kuwalilia.
Utotoni niliwapigia makofi wakidondoka.
Kupenda picha si kuifumbia macho.

Na zile za kuchekesha! Bwana harusi, ngazi, ndoo ya chokaa:
sisi tunajua, ndoo inajua, ngazi inajua,
bwana harusi peke yake hajui.
Wilf hucheka kabla ndoo haijamwagika,
kicheko chenye kikohozi ndani,
mpaka Imelda wa tiketi anachungulia na tochi.

Watu husema ya kale dhahabu.
Husema pia kipya kinyemi, kingawa kidonda.
Mimi nasema: zima taa, tuone.

Novemba nikamshawishi abaki usiku.
Picha ya binti wa Mtaa wa Freeman, hapa hapa mjini,
dakika themanini, muziki hakuna.
Mwanamke anaosha vikombe.
Anaosha vikombe.
Anautazama mlango. Haufungui.
Dakika ya kumi Wilf akaninong'oneza,
mnong'ono wa mtu mwenye sikio bovu,
yaani ukumbi mzima ukasikia:
"Farasi yuko wapi?"

Kisha mwanamke akatoka nje.
Barabara ndefu, maduka yameshusha mabati,
upepo wa bandarini unaburuta mfuko wa chipsi
kutoka upande huu hadi upande ule,
na hakuna mtu, ila mapazia yanayotikisika.
Akatembea katikati ya njia,
mikono imening'inia kando, vidole wazi,
polepole.

Nikasikia kofia ikivuliwa.

Ningeweza kumwambia mengi hapo:
kwamba mlango ni uleule, kule unapigwa teke,
huku unatazamwa, na kutazama nako
kunataka kifua.
Sikumwambia. Nilitafuna bisi.

Nje mvua. Wilf akasimama mbele ya duka la mazulia
lililofungwa, lilelile la kwenye picha,
akalikagua kana kwamba limeshushwa jana kutoka Arizona.
"Mke wangu alinunua zulia hapa," akasema.
Basi lilipokata kona, akaongeza:
"Hata yeye asingeufungua mlango ule."
Akapanda, mguu wa kushoto kwanza, akikamata nguzo,
na dereva akamsubiri akae vizuri.

Jumanne ijayo, mchana: bwana harusi na ngazi yake.
Usiku: mtu anatafuta mbwa, saa mbili na nusu,
na wanasema mbwa mwenyewe haonekani.
Wilf amekata tiketi mbili.
Ameuliza tu kama choo kipo karibu.